Vidole vya Mzee Kilonzo na Filta Iliyogoma

Vyeo sitaviandika. Gereji yetu ilikuwa na vyeo viwili tu, mwenye gereji na sisi wengine, nami nimestaafu nikiwa bado miongoni mwa sisi wengine. Mmeniomba, nyinyi mliobaki na spana zangu, niwaandikie nilivyoijua kazi hii kabla mikono haijaisahau. Naandika nikiwa nyuma ya nyumba yangu hapa Kawangware. Pikipiki zinapita nje ya ukuta na masikio yamekataa kustaafu: ile cheni yake imelegea, ile valvu zinagonga, ile haina ugonjwa wowote ila mwenyewe hajui gia.

Nilikuja Nairobi kutoka Bungoma nikiwa na cheti cha shule na ahadi ya binamu kwamba angenipatia kazi ya ofisi. Kazi ya ofisi ikawa ni kupanguza kaunta ya duka la vipuri Kirinyaga Road, katikati ya mji, mahali ambapo hewa yenyewe ina ladha ya grisi. Nyuma ya duka kulikuwa na ua mwembamba wenye bati juu, na humo ndimo mafundi walimofungulia pikipiki. Siku yangu ya kwanza fundi mmoja mrefu, mwenye kofia ya sufi hata jua likiwaka, aliniita nimshikie boliti alizokuwa akizitoa kwenye injini. Akaenda kunywa chai. Aliporudi alizikuta nimezipanga juu ya gazeti kwa mpangilio uleule zilivyokuwa kwenye injini, kila moja mahali pake.

"Nani amekuonyesha hivi?" akauliza.

"Hakuna."

Akaziangalia tena. "Basi usirudi kwa kaunta. Kaunta itapata mtu."

Huyo ndiye Mzee Kilonzo, mtu wa Kitui, ingawa wakati huo hakuwa mzee. Tulimwita hivyo kwa sababu ya jinsi alivyokuwa akinyamaza.

Mambo mengi alinifundisha, lakini nitasimama kwenye moja, kwa sababu ndilo lililokuja kutupima sote. Ni filta ya oili. Zile pikipiki ndogo za boda nyingi hazina filta ya nje, lakini kubwa huwa nayo: kopo la chuma lenye ukubwa wa kikombe, limekaa mbele ya injini, karibu na bomba la ekzosi, likichuja uchafu wa oili. Kopo hilo hufungwa kwa kuzungushwa, kama kifuniko cha chupa, na mdomoni mwake lina ringi ya mpira inayozuia oili isivuje. Ukilifunga likiwa legevu, oili hutoka kwa presha, nayo njia yake hupita kwenye tairi la nyuma. Ukilikaza kupita kiasi, mpira hujibana na kuganda kwenye injini, na atakayekuja kulifungua atakulaani hata kama hakujui.

Sheria ya Mzee Kilonzo ilikuwa fupi. Paka mpira oili mpya kwa kidole. Zungusha kwa mkono hadi mpira uguse. Ukishagusa, ongeza robo tatu ya mzunguko, kisha ondoa mkono. Chuma chochote chenye mpini kilikuwa cha kufungulia tu, tena baada ya mkono kushindwa.

"Na nitajuaje umegusa?" nilimuuliza.

"Funga macho."

Nikafunga. Nikachuchumaa hapo mbele ya wateja, mkono umelizunguka kopo, nikizungusha polepole, nikisikiliza kwa ncha za vidole. Mteja mmoja akacheka. "Fundi, huyu dada wako anaombea pikipiki ama?"

"Anaiombea," Kilonzo akajibu. "Na yako iko karibu kuombewa pia, vile iko."

Kisha ikaja. Ni kitu kidogo mno kukieleza. Kopo linazunguka bure, bure, halafu ghafla kuna ulaini unaokupinga, kama shavu la mtoto anayegeuza uso. Hapo ndipo penyewe. Nilifungua macho nikamwona Mzee akitabasamu. Kwa miaka yote niliyofanya naye kazi, sikumwona akitabasamu hivyo mara nyingi.

Baadaye gereji ilihama mjini ikaja Ngong Road, kwenye uchochoro ulio nyuma ya maduka karibu na Adams Arcade. Mwenye gereji alikuwa Mama Ciru. Hakujua injini na hakujifanya anajua, lakini watu aliwajua. Wateja wakabadilika. Wakaja wanaume wa Kitisuru wenye pikipiki kubwa za wikendi, wasiopenda kuambiwa kwamba pikipiki ikikaa bila kuendeshwa nayo huzeeka. Wakaja wapeleka barua, walinzi wa kampuni, vijana wa vifurushi. Tulijifunza kuwaheshimu wote kwa kiasi kimoja na kuwaamini kwa viwango tofauti.

Halafu kukatokea ajali. Fundi mmoja aliyekuwa na haraka alifunga filta ikabaki legevu. Pikipiki iliondoka salama. Kwenye mteremko, oili ikafika kwenye tairi la nyuma na mwenyewe akaanguka. Alipona, lakini goti lake halikukunjika tena sawasawa. Mama Ciru alikwenda kumwona hospitali. Aliporudi alisimama katikati ya ua, mkoba bado uko begani.

"Nisikizeni," alisema. "Kuanzia leo, filta ikirudi hapa na shida, mwenye kuifunga asingoje nimwambie. Achukue spana zake aende."

Fundi yule alikuwa ameshaondoka. Na sisi wengine tulizishika filta kwa hofu iliyofaa, kama mtu anavyoshika dawa.

Miaka ikapita. Mzee Kilonzo akawa mzee wa kweli. Sukari ilimpata, akawa anabeba chakula chake kwenye kibakuli chenye kifuniko, githeri bila chumvi nyingi, na mara moja moja anaenda kliniki asubuhi. Siku moja nilimwona akichomoa plagi kwenye injini iliyotoka barabarani sasa hivi, ikiwa ya moto, akaishika mkononi akiigeuza na kuisoma rangi yake. Vijana wakashangilia. "Mzee ni chuma!" Naye akawaacha waseme. Lakini baadaye, alipokuwa akinawa, niliona ngozi ya kidole gumba imeinuka lengelenge jeupe, naye akiisugua kwa sabuni kama si yake.

Nikarudi kwenye kazi yangu. Nilidhani ni jambo lake.

Kisha ikaja filta ya Barasa.

Barasa alikuwa kijana wa kwetu magharibi, na kazi yake ilikuwa kubeba sampuli za damu kutoka kliniki za huku vitongojini kuzipeleka maabara mjini. Sanduku jeupe lilikaa nyuma ya pikipiki yake kubwa, mkweche mwaminifu alioununua ukiwa umeshachoka. Alikuja asubuhi kumwaga oili na kubadilisha filta. Mzee alikuwa kliniki, hivyo kazi ikawa yangu.

"Senge, usinikalishe sana," Barasa aliniambia. Senge kwetu ni shangazi. "Mchana niko na damu za watu."

"Keti. Filta si kesi."

Nilimwaga oili injini ikiwa na joto, nikashika kopo kwa mkono. Halikutikisika. Nikalikausha kwa kitambaa, nikalizungushia msasa ili lisiteleze. Wapi. Nikachukua mshipi wa kiti cha gari tulioufungia mpini, nikauzungusha na kuvuta. Mshipi ukateleza ukilia. Nikaleta kipande cha cheni ya pikipiki kilichochomelewa kwenye mpini wa chuma, ambacho huuma zaidi. Kikauma, na kopo likaanza kubonyea badala ya kuzunguka.

Hapo nikainama kuliangalia vizuri kwa tochi ya simu. Na nikaona kwamba cheni yangu haikuwa ya kwanza. Kulikuwa na makovu mengine ya zamani, yenye kutu kidogo, yameinama upande wa pili, upande wa kufunga. Mtu alikuwa ameikaza filta hii kwa cheni.

Pikipiki ya Barasa ilikuwa inafanyiwa kazi na mtu mmoja tu hapo kwetu, siku zote.

Nilikaa chini kwenye kigunia changu. Nilikumbuka lengelenge lile, na kila kitu kikajipanga kama boliti juu ya gazeti. Mtu ambaye vidole vyake havisikii mpira ukigusa afanye nini? Anajua hatari ya legevu, anamkumbuka yule aliyevunjika goti. Basi anakaza. Anakaza kwa kifaa, mpaka chuma kikatae, kwa sababu kukataa kwa chuma ndiko pekee anakokusikia. Alikuwa anawalinda wateja kwa njia pekee iliyobaki. Lakini mkono usiosikia unaweza pia kukosea kwa upande ule mwingine, thredi, ile mikato ya kuzungushia, ikikamata vibaya mtu akadhani imekaza. Na wa kuanguka angekuwa Barasa, kwenye mteremko, na sanduku la damu za watu nyuma yake.

"Senge, umenyamaza," Barasa alisema. "Ni mbaya?"

"Imeshikana. Sasa naitoboa."

Kutoboa ni hatua ya mtu aliyeishiwa. Unapigilia bisibisi ndefu kupitia kopo upande mmoja itokee wa pili, kisha unaitumia kama mpini. Nilipigilia. Nilivuta. Bati likachanika kama karatasi, oili nyeusi ikanimwagikia mikononi, na mwishowe nikabaki na sahani ya chini tu, ule mdomo mgumu wa kopo, umeng'ang'ania injini. Hapo hakuna pa kushika tena. Kinachobaki ni tindo na nyundo kwenye ukingo wa ile sahani, na kando yake, unene wa ukucha tu, ni uso laini wa alumini ambapo mpira mpya utakaa. Tindo ikiteleza ikaukwaruza ule uso, injini itavuja daima.

Hapo ndipo Mzee Kilonzo alipoingia, kadi ya kliniki bado iko mfukoni mwa shati. Akaliona kopo lililochanika sakafuni. Akaliokota. Akalipeleka karibu na macho, akayaona makovu, yangu na yale mengine.

Mama Ciru naye alikuwa amesikia nyundo. Akatoka ofisini.

"Ni nini inapigwa hivyo? Barasa, kwani pikipiki imekufa?"

"Filta imekataa, Mama."

Akaitazama sahani iliyobaki, akanitazama mimi niliyelowa oili mpaka viwiko. "Nekesa. Nani alifunga hii?"

Kulikuwa na maneno niliyoweza kusema. Ningesema labda ilifungwa mahali pengine. Ningesema ni joto la injini. Yote nilikuwa nayo mdomoni, na Barasa alikuwa ameshafungua wake.

"Ni mimi," Mzee Kilonzo alisema.

Mama Ciru akacheka kidogo, kwa kutoamini. "Wewe? Mzee, wewe ndiye ulifundisha hawa wote!"

"Ni mimi. Nilitumia cheni." Aliliweka kopo chini taratibu. "Vidole vyangu havisikii, Mama. Ni sukari. Mpira ukigusa mimi sijui. Nimeanza kitambo."

Mafundi wote waligeuka. Amri ilikuwa ya Mama Ciru, aliitoa mwenyewe akiwa na mkoba begani, na kila fundi pale aliikumbuka. Akamtazama Mzee, naye Mzee akaanza kutafuta kwa macho sanduku lake la spana.

"Kwanza tuitoe," alisema Mzee, kama aliyekumbuka kwamba kuna kazi. "Huyu kijana anangojewa."

Akachuchumaa nyuma yangu. Hakugusa kifaa chochote. "Tindo iweke ukingoni. Si hapo, inama zaidi. Sasa usipige kama unavunja. Piga kama unagonga mlango wa nyumba iliyo na mgonjwa."

Nikagonga.

"Sikiliza sauti. Bado ni nzito. Hamia upande wa pili. Tena. Wacha nguvu, mwiitu." Mwiitu kwao ni binti. Nilikuwa na wajukuu tayari, lakini hakuwahi kubadilisha.

Nikahama, nikagonga, nikahama. Jasho lilinichoma machoni. Kisha sauti ikabadilika, ikawa nyepesi, na Mzee akasema "Hapo" kabla hata sijaona kitu. Sahani ilikuwa imesogea. Nikaweka tindo chini na kuimalizia kwa vidole. Uso wa injini ulikuwa mzima, bila mkwaruzo.

Barasa akapumua kwa nguvu. Nikachukua filta mpya, nikaipaka oili, nikampa Mzee. Sijui kwa nini. Mkono wangu ulizoea kumpa. Akaipokea, akaiingiza, akazungusha polepole akiwa amefumba macho. Akazungusha, akasimama.

"Imegusa?" nikamuuliza.

Alikunjua vidole, akakamata kopo upya.

"Sijui," alisema.

Nikaweka mkono wangu juu ya wake. Nikazungusha kidogo, mkono wake chini ya wangu, mpaka ulaini ule ukaja. "Sasa," nikasema. Kisha akaondoa mkono, nami nikamaliza ile robo tatu.

Nikasimama nikamgeukia Mama Ciru. "Asifukuzwe. Kila filta atakayofunga, mimi nitaishika mwisho."

"Na siku haupo?"

"Siku sipo, hafungi."

Mzee akatikisa kichwa. "Nekesa, wacha. Sitaki kuchungwa kama mtoto wa nasari."

"Na ukienda nyumbani utafanya nini?" nikamuuliza kwa hasira.

"Nitafanya nini," alirudia. "Hata ng'ombe kumkama anataka vidole."

Mama Ciru alikuwa bado anaiangalia filta mpya iking'aa mahali pake. Nilimjua kwa miaka mingi, na sijui kama niliwahi kumwona akifikiri kwa bidii hivyo. Mwishowe alisema, si kwangu wala kwa Mzee, bali kwa mafundi wote.

"Hakuna mtu atachungwa hapa. Filta yoyote, ya fundi yeyote, ishikwe na watu wawili. Mmoja afunge, mwingine aipime. Nekesa pia. Ukifunga yako, Mzee aje aangalie vile umefanya, macho anayo. Sitaki kusikia fundi fulani ndiye anashikiwa. Ni sheria ya gereji." Akarudi ofisini. Mlangoni akageuka. "Na hiyo cheni, mkiiona kwa mkono wa mtu anafunga nayo, mniletee."

Hivyo ndivyo ilivyoanza, ndugu zangu. Nawaona mkiifanya bila kufikiri: mmoja anafunga, anapaza sauti, mwingine anaacha chai yake anakuja kuweka mkono. Wageni huuliza kama ni mambo ya bima. Mmoja wenu aliwahi kumwambia mteja kwamba ni agizo la watengenezaji wa pikipiki, nami nikamwacha, maana alisema kwa uhakika mkubwa.

Mzee Kilonzo aliendelea miaka kadhaa zaidi. Alifunga, akaita, "Nekesa!" nami nikaja. Mara nyingi nilikuta bado kidogo, mara chache imezidi kidogo, nami nikarekebisha bila maneno. Naye alikuja kwenye zangu, akainama kwa mikono mgongoni, akaangalia oili niliyopaka kwenye mpira, akasema "Hapa hukufikisha" au hakusema kitu. Hakuna aliyewahi kutucheka. Vijana wapya walidhani dunia nzima hufunga filta hivyo.

Siku aliyokuwa akiondoka kurudi Kitui kabisa, aliomba kazi moja ya mwisho, na kwa bahati alikuwa Barasa, wakati huo ana mvi zake mbili tatu na pikipiki nyingine. Mzee alipaka mpira oili. Alifumba macho. Alizungusha, akasimama, akaongeza robo tatu, akaondoa mkono.

"Nekesa!"

Nilikuja nikashika kopo. Nikapima. Nikapima tena. Halikuhitaji kitu. Lilikuwa mahali hasa ambapo ningeliacha mimi.

"Hii imefika, Mzee," nikamwambia. "Sikuizungusha."

"Usinidanganye siku ya leo."

"Kwa kazi sijawahi kukudanganya."

Hakuamini. Alimwambia Barasa awashe. Injini ikanguruma, oili ikapanda presha. Mzee akachukua kitambaa cheupe, akakipitisha kuzunguka mdomo wa kopo, akakileta kwenye mwanga. Kilikuwa kikavu. Akarudia. Kikavu. Akakikunja kitambaa polepole akakitia mfukoni, na mpaka leo sijui kama ni vidole vyake vilivyojua kwa mara nyingine au ni bahati tu. Sikumuuliza.

"Imefungwa na nani?" Barasa akauliza akivaa helmeti, kwa sababu hilo ndilo swali wateja wetu walilozoea kuuliza.

"Na sisi wawili," Mzee Kilonzo alisema.